Mashine ya Sarafu ya Joash

Migori,
Jumatano, 13 Agosti 2025

Ndugu yangu mpenzi Motari,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Migori. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokushika wakati wa mvua kimekuachia. Ndizi zinakwendaje huko Homa Bay? Sisi tunashukuru Mungu. Muhula wa tatu unakaribia na rundo la sare za shule limenijazia chumba kizima, mgongo unauma lakini mkono unafanya kazi. Mama alipiga simu Jumapili. Mguu wake unaendelea vizuri, na kama kawaida yake alikuulizia wewe kwanza, mimi nikafuata, kisha kuku.

Utashangaa kupata barua kwa mkono wa Bhoke, yule mama wa Kikuria anayekuja huko kununua samaki wa omena, wakati sote tuna simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii nikitaka kukueleza jambo hili, na mara zote tatu nimeishia kuuliza bei ya ndizi. Kwenye karatasi siwezi kujifanya mtandao umepotea. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, na kabla hujafungua mfuko mweusi aliokukabidhi Bhoke.

Yaliyompata mume wangu unayajua. Joash alikuwa awekewe mikono kuwa mzee wa kanisa Sabato ya kwanza ya mwezi huu. Suti nilikuwa nimeshamshonea, ya rangi ya kijivu, na mpaka leo imening'inia na uzi wa vipimo begani. Badala ya kuivaa yuko chini ya karipio, ameondolewa kufundisha Shule ya Sabato, na anakaa benchi la nyuma pamoja na wanaochelewa. Sabato hii kanisa litaketi tena kuamua kama atarudishiwa heshima yake au jina lake litafutwa moja kwa moja. Miaka kumi na minne ya utumishi iko hapo, Motari, na sijui itaangukia wapi.

Nimesikia pia kwamba ulimpigia Mwikwabe, yule fundi wa simu wa hapa sokoni, ukamtukana matusi ya kumfanya mtu aoge, ukidai ndiye aliyemchongea Joash kwa wazee. Kwa hiyo nitakueleza yalivyokwenda, jinsi nilivyoyaona mimi na haya macho yangu yasiyojua kupumzika.

Yalianza mwezi wa tano. Joash unamjua, mwalimu wa kompyuta, mtu wa kuvua viatu mlangoni na kuvipanga vikalingana pua. Jumapili moja akarudi kutoka kwa Mwikwabe na kitu kimefungwa kwenye taulo. Nikamuuliza ni nini, akajibu ni kompyuta. Kompyuta gani inatosha kwenye taulo la uso? Akaniambia mteja wa Mwikwabe aliiacha ikiwa imepasuka kioo pembeni, hakurudi tena, na yeye amebadilishana na laptopu yake ya zamani. Kisha akaingia nayo chumba cha nyuma ninakoweka vitambaa, akafunga mlango. Miaka kumi na saba tumeoana, na Joash hakuwahi kufunga mlango wa chumba kile hata siku moja.

Nilianza kuchunguza.

Kesho yake, alipokwenda shuleni, nikaitafuta nikaipata chini ya jora la kitambaa cha bluu. Kumbe ni kioo katikati, na huku na huku kuna vitufe na vijiti viwili vya kuzungusha kwa vidole gumba. Kompyuta nzima iliyofinywa ikatosha mikononi. Nikaibonyeza ikanguruma, ina feni ndogo ndani, nusura niitupe. Halafu ikanidai nywila. Sasa fikiria, simu ya Joash haina nywila, hata watoto wa jirani huichukua wakapigia mama yao. Mtu wa namna hiyo anafunga kitu cha kuchezea kwa nywila kwa sababu gani? Nikairudisha chini ya jora, na tangu siku hiyo nikawa silali vizuri.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nakata kola za mashati, mlango wa nyuma umefungwa, nikasikia mlio wa sarafu ikidondoka ndani ya mashine.

Wewe unaujua mlio huo, na mimi naujua kwa sababu yako. Siku ile Baba aliponituma nikutafute Rodi Kopany, niliusikia kabla hata sijakuona. Nilipozunguka nyuma ya ile baa nilikukuta umesimama mbele ya mashine yenye taa, na ng'ombe wa Baba uliyetumwa kumuuza ameshaingia mle ndani mzima, sarafu ya ishirini baada ya sarafu ya ishirini. Hukugeuka nilipokuita. Nilikuita mara nne. Baba alifariki bila kulitaja tena jina la ng'ombe yule, na wewe ukaapa mbele ya Mama, mkono juu ya Biblia, na Mama akasema ukirudia usikanyage kwake. Sikukumbushi ili nikuumize. Nataka ujue moyo wangu ulivyoruka nilipousikia mlio uleule ukitoka kwenye chumba changu cha vitambaa.

Nikachungulia kwenye ufa. Kwenye kile kioo kidogo kulikuwa na maneno ya Kiingereza yanawaka na kuzima, yanadai utie sarafu. Joash anabonyeza kitufe, mlio unalia, namba pembeni inapanda. Anabonyeza tena, inapanda tena. Uso wake ulikuwa umekaza macho kama wako siku ile.

Tangu hapo kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Sabato, jua likikaribia kuzama, akawa anatazama saa, yeye ambaye hupenda tukawie mezani na wimbo wa mwisho. Akiongea na Mwikwabe kwenye simu nilimsikia akisema leo imekula sarafu ikazima, siku nyingine akipiga makofi kwa furaha kwamba imekubali sarafu ishirini mfululizo bila kukataa. Nikajua ameshinda, na anayeshinda harudi nyuma. Mwezi wa sita akasema mara mbili kwamba anakuja Homa Bay kukusalimia. Nikakupigia kuuliza kama amefika, nawe ukajibu upesi mno kwamba amefika. Kwa kuwa ulijibu upesi, sikuamini. Aliporudi nilikagua viatu vyake kama vina ule udongo mweusi wa Rodi. Nilivikuta safi, nikaamini amevipangusa.

Halafu nikapata daftari. Lilikuwa kwenye mkoba wake wa shule, katikati ya mitihani ya kidato cha pili. Kurasa nne za majina ya Kiingereza, na mbele ya kila jina namba yenye nukta. Sufuri nukta thelathini na saba. Sufuri nukta sabini na nane. Sufuri nukta mia moja thelathini na tisa. Pembeni vema na kosa kwa kalamu nyekundu, na maneno mafupi kwa mwandiko wake, imekataa, imekubali bila sauti, jaribu tena Jumapili. Mimi si msomi wa kompyuta, lakini jina na namba yenye nukta mbele yake nazijua. Zile ni odi za kubashiri. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuzisoma enzi zile, ukiniahidi friji.

Siku chache baadaye wazee wa kanisa walikuwa na habari. Baraza likaketi Jumapili, tarehe ishirini na saba ya mwezi wa saba. Mellen, mke wa Mzee Okemwa, ndiye karani, na alinisimulia baadaye. Joash aliulizwa kama nyumbani mwake kuna mashine inayodai sarafu. Akasema iko, ila sarafu yenyewe ni kitufe tu na hakuna pesa ya mtu inayoingia wala kutoka. Wazee wakatazamana. Akaulizwa ni ya nani. Mellen anasema alitazama karatasi zilizokuwa mezani, kisha akasema ni yake mwenyewe. Akaulizwa kama ni mchezo safi, mbona ameuficha kwa mke wake. Akajibu kwamba swali hilo atalijibu kwa mke wake, siku atakaporuhusiwa. Wakamuuliza mtu mzima anaruhusiwa na nani, na hapo akanyamaza kabisa. Basi wakampa karipio, wakamwagiza mashine itoke nyumbani.

Alirudi, akala, akaosha sahani yake, akaniuliza kama nimemaliza zile sare za shule ya msingi. Nilimtafuta hasira usoni sikuiona. Hata hilo nikalishuku.

Jumatatu wiki hii nilifunga mapema nikaenda kwa Mwikwabe. Nilijua mashine imehamishiwa pale, na nilitaka nimfumanie Joash akiicheza. Hakuwepo. Nikammwagia Mwikwabe yote niliyonayo mbele ya wateja wake wawili, mashine, daftari, sarafu, odi. Alinisikiliza, akaweka chini kifaa chake cha kuchomelea, akaitoa ile mashine ndani ya kabati la kioo.

Aliniambia nikae. Akaiwasha, akashika kidole changu mwenyewe akakiweka juu ya kitufe cha kushoto, akasema, "Mathe, bonyeza. Bonyeza mpaka uchoke. Hii kitu haikuli pesa ya mtu, utaweka koini mia na bado utabaki na nauli yako ya kwenda home." Nikabonyeza. Mlio ukalia, namba ikapanda. Nikafika thelathini nikaacha, na hakuna aliyenidai chochote.

Alinieleza polepole, jinsi mtu anavyomweleza mteja asiyetaka kuelewa. Ndani ya kompyuta ile wametia programu inayoigiza zile mashine za zamani za michezo, zilizokuwa kubwa kama kabati na kucheza kwa sarafu. Mchezo hauna habari kwamba hauko tena ndani ya kabati, ndiyo maana bado unadai sarafu, nao wanaudanganya kwa kitufe. Shida ni kwamba programu hiyo imetoka mara nyingi, kila toleo na namba yake, na faili la mchezo lililotengenezewa toleo moja hukataa kwenye jingine. Ndizo zile sufuri nukta. Nilipomwambia nilidhani ni odi, alicheka mpaka akashika meza. "Mathe, odi ya sufuri nukta thelathini na saba? Unaweka mia, ukishinda unarudishiwa thelathini na saba! Nani atacheza hiyo, hata kama ni mjinga?" Nikaona haya, maana hata hesabu hiyo ndogo sikuifanya.

Nikamuuliza, basi miezi mitatu walikuwa wanatafuta nini. Akasema mchezo mmoja. Mingine mingi ilikubali wiki ya kwanza, lakini Joash alitaka mmoja wa ndege za vita na hakukubali kuuacha. Ukifunguka hauna sauti, ukipata sauti sarafu zinakataa. Nikauliza ndege za vita za nini, Joash hapendi hata mpira. Mwikwabe akasema si yeye wa kuniambia, akaingia nyuma kutafuta chaja. Ule mfuko wa kubebea mashine akauacha mezani ukiwa wazi. Sijui kama aliuacha kusudi. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na karatasi iliyotiwa plastiki, mwandiko wa Joash wa ubaoni, herufi kubwa.

Utaikuta mahali pale pale, lakini naiandika hapa ujue niliisoma. Inasema hivi. "Shemeji Motari. Washa hapa, ngoja feni itulie. Nywila ni tarehe ile uliyonipigia ukilia. Kitufe cha kushoto nimekifanya sarafu. Hazikwishi, tia utakavyo. Ile ya ndege uliyokuwa ukiicheza Kisii mjini ukiwa darasa la saba, kabla ya mambo mengine yote, iko ya kwanza kwenye orodha. Nimeipata. Ukisikia miguu inakupeleka Rodi, kaa chini ucheze hii kwanza, halafu unipigie. Usijali ni saa ngapi."

Nililia pale pale, Motari, kwenye kiti cha wateja. Mwikwabe akarudi, akafungulia redio kwa sauti kubwa ili watu wa nje wasinisikie, akaendelea na kazi yake bila kunitazama. Huyo ndiye uliyemtukana.

Kwa hiyo umerudia. Umerudia tangu mwezi wa tano au kabla, na ukamwapisha mume wangu asiniambie. Nilitaka kukukasirikia kwa hilo. Lakini najua kwa nini uliniogopa mimi hasa. Ningemwambia Mama. Siku hiyo hiyo ningemwambia, kabla hata ya kukuuliza umekula nini.

Sasa nisikilize. Mwikwabe hakusema neno kwa mtu yeyote. Ni mimi.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na nne. Nilikata ukurasa mmoja wa daftari, nikaufunga kwenye leso, nikaenda nyumbani kwa Mzee Okemwa. Sikumwambia kwamba nashuku. Nilimwambia nimeona. Nilisema nimemwona mume wangu kwa macho yangu akicheza kamari ya pesa, na kwamba safari zake za Homa Bay huishia Rodi Kopany. Mzee aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ninayo mara zote mbili. Nikamwomba asitaje jina langu, akakubali, maskini, akadhani ananilinda.

Jana nimemweleza Joash. Alikuwa anapiga pasi shati la shule. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja nikiwa nimeshika kitasa cha mlango, ili akinifukuza nisiwe mbali na njia. Hakuinua uso. Akasema alijua tangu siku ya baraza. Ule ukurasa ulikuwa mezani mbele yake, ukingo wake umekatwa kwa meno meno, na hakuna mwingine katika kanisa lile anayekata karatasi kwa mkasi wa meno wa kuzuia kitambaa kisifumuke. Nikamuuliza mbona hakunihoji. Akasema angenihoji ningemhoji, na ingebidi achague kati ya kiapo chako na mimi, basi akaona angoje. Alingoja siku kumi na sita, akila chakula changu na kuniuliza habari za sare. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama kweli nilikuwa nimeamini. Nikasema ndiyo. Akageuza shati akaendelea na upande wa pili.

Swali hilo linaniuma kuliko kama angenipiga. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Sabato hii nitasimama mbele ya kanisa niseme kwamba nilisema nimeona nisichokiona. Joash amenikataza kulitaja jina lako na sitalitaja. Mama hatasikia kitu kutoka kinywani mwangu, hata akinipigia mara ishirini. Mellen ananitahadharisha kwamba huenda isitoshe. Wazee watauliza tena mashine ilikuwa ya nini na mbona ilifichwa, Joash atanyamaza tena, nao watasema mke anamfunika mumewe. Ndivyo jambo lilivyokaa. Sikuombi kitu. Ibada inaanza saa tatu, na kikao cha kanisa ni saa nane baada ya chakula.

Mashine hii ilikuwa iletwe na Joash mwenyewe, lakini amesema huenda usisubiri mpaka mambo yake yaishe, nami nikajitolea kuituma. Alipoifunga hakuuliza kama utaiuza. Mimi nimejiuliza swali hilo mara kumi tangu nianze kuandika. Nimefikiria bei utakayoipata, duka utakaloipeleka, na ulipo mlango wa ile baa kutoka stendi. Asubuhi nilikuwa nimeshamwomba Bhoke akuchunguze uso unapoifungua, kisha apite kwako tena Ijumaa kabla hajarudi, aangalie kama bado iko. Alikubali, na nikajisikia vizuri kabisa, raha ile ile ninayoipata nikichungulia kwenye ufa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wewe una mlango wako wa Rodi na mimi nina wangu, na wangu uko nyumbani.

Basi nimemfuata Bhoke mpaka kwenye kibanda chake nikamwambia akupe mfuko, akusalimie, aende akanunue omena zake. Asiponiletea habari yoyote, nitakaa bila habari.

Mpigie Mwikwabe umwombe radhi. Kula vizuri, na ukinunua dawa ya kikohozi umalize chupa. Joash anakusalimu, anasema kwenye ile ya ndege usiharakishe kutumia mabomu. Majirani wote wanakusalimu, na mimi nakusalimu kuliko wao.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Nyamoita